Sauti ya Tatu Haikai Peke Yake

Mtu akikalia kigoda kimoja miaka ishirini na miwili, kigoda humzoea hata kikasahau kumwuliza jina. Ndivyo ilivyokuwa kwa fundi viatu na safu ya sauti ya tatu katika kwaya ya mtaa wao. Aliingia kijana mwenye nywele nyeusi tii, sasa mvi zimeshamfika masikioni, na kwa muda wote huo hakuna mtu aliyemwuliza kitu. Aliimba, akapiga makofi, akaenda zake nyumbani. Alhamisi moja asubuhi, kiatu mkononi na misumari mdomoni, akaulizwa.

Aliyemwuliza ni mwalimu wa kwaya, mama mtu mzima aliyefundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na ambaye mpaka leo akizungumza na mtu mmoja utadhani wako hamsini. Alifika kibandani anachechemea, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, kisigino kikining'inia.

"Fundi, nina kisigino na nina neno."

Fundi akatema misumari kiganjani. "Tuanze na kipi, Mwalimu?"

"Wewe gonga, mimi niseme. Jumamosi asubuhi watoto wanakuja ukumbini. Arobaini. Kila sauti itatoa mtu wake mmoja asimame mbele yao. Atawaeleza sauti yake ni nini, kisha ataiimba peke yake, waisikie ilivyo, isichanganyike na nyingine. Halafu kila mtoto atachagua safu ya kukaa. Ya kwanza nimemwambia Nesi. Ya pili mkeo. Ya nne Pipa. Ya tatu ni wewe."

"Kuna Posta," fundi akasema haraka. Posta alikuwa mzee aliyepeleka barua za watu maisha yake yote, naye ni wa sauti ya tatu.

"Posta anakufuata wewe. Nimewatazama. Ukipiga chafya, na yeye anapiga."

"Basi Kinyozi."

"Kinyozi anamfuata Posta." Mwalimu akainama, akashusha sauti, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. "Nikueleze ukweli, fundi. Mwaka jana hakuna mtoto aliyekuja kwenu, hata wa kupotea njia. Mko watatu, na wote mna miwani. Mwaka huu wasipokuja, nyimbo zote naziandika upya bila sauti ya tatu. Nyinyi mtahamia kwa kina Pipa, mkangurume huko."

Akavaa kiatu chake, akakanyaga mara mbili kukijaribu, akaondoka. Fundi akabaki na nyundo hewani.

Sasa msomaji wangu, kabla hatujaenda mbali, nikwambie siri ambayo fundi hakuwahi kumwambia mtu. Kweli Kinyozi alimfuata Posta, na Posta alimfuata fundi. Lakini fundi naye alikuwa na wa kumfuata. Alimfuata mzee mmoja waliyemwita Nguzo, aliyesimama kushoto kwake miaka yote hiyo na sauti yake iliyonyooka kama kamba ya mwashi. Fundi alikuwa anaegemeza sikio tu. Miezi miwili iliyopita Nguzo alihamia mji mwingine kwa mwanawe, na tangu siku hiyo safu nzima ilikuwa inatembea kama kuku aliyefunikwa kitambaa machoni. Fundi alijiokoa kwa kumsikiliza mkewe, aliyesimama kwenye safu ya mbele, sauti ya pili. Akimsikia mkewe yuko wapi, alijua na yeye akae wapi.

Lakini peke yake? Peke yake hakuwahi kuiimba hata siku moja.

Mwalimu alipopotea kwenye kona, fundi akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaanza chini chini. Wimbo ulikuwa ule wa kwaya unaosema *Kumekucha, fungueni madirisha*, kila mtu mtaani anaujua. Mstari wa kwanza ukatoka vizuri. Wa pili nao. Kufika wa tatu, akajikuta yuko kwenye sauti ya kwanza.

Sauti ya kwanza ndiyo wimbo wenyewe, ile ambayo hata mpita njia anaishika akaondoka nayo. Ni barabara kuu. Sauti ya tatu ni kichochoro kinachokwenda sambamba nayo, na mtu asiyekizoea akisinzia kidogo tu, miguu inamrudisha barabarani.

Akaanza upya. Akarudi barabarani. Akaanza tena, safari hii amefumba macho. Barabarani.

"Fundi, umeumwa?" akauliza mteja mmoja aliyekuja na buti.

"Nani? Mimi? Hapana. Weka hapo."

Mchana ule hakukaa akatulia. Alisimama akaenda kunywa maji, akarudi, akasahau kama amekunywa, akaenda tena. Alishona, akafumua. Alipaka gundi upande ambao hautakiwi gundi. Saa tisa akainua jozi aliyoimaliza, akaona ameweka soli mbili za mguu wa kushoto. Akazitazama sana. Miaka thelathini ya kazi, hajawahi kufanya hivyo, hata siku aliyooa.

Ijumaa asubuhi kibanda hakikufunguliwa mapema. Fundi alikwenda kwa Posta, akamkuta anafagia baraza.

"Posta, ndugu yangu, niimbie sauti ya tatu ya *Kumekucha*."

"Anza wewe, nikudake."

"Nataka uanze wewe."

Posta akaegemea fagio. "Nitaanzaje na wewe hujaanza?"

"Hebu jaribu tu."

Posta akajaribu. Hata mstari wa kwanza hakumaliza, akawa barabara kuu, tena anatembea katikati kwa raha zake. "Si ndiyo hiyo?" akauliza.

"Hiyo ni ya kwanza, Posta."

"Acha bwana. Mimi siku zote naimba hivi."

Fundi akaenda kwa Kinyozi. Kinyozi alikuwa amemshika mtu kidevu, wembe mkononi. "Ya tatu?" akasema. "Niletee Posta hapa, nitakuimbia mpaka uchoke." Yule mteja aliyepakwa povu akacheka, Kinyozi akamwambia atulie kama anataka kurudi nyumbani na masikio yote mawili.

Fundi akatoka pale moyo unampiga kama cherehani. Kumbe ndivyo walivyo. Watu watatu wameshikana mikono gizani, kila mmoja anaamini mwenzake ndiye mwenye taa.

Jioni, kabla jua halijazama, mkewe alirudi kutoka kwa dobi alikofanya kazi ya kupiga pasi. Alikuwa mwanamke mwenye mikono yenye nguvu na maneno yenye chumvi. Alianza kuosha vyombo, na kama kawaida yake akawa anavuma sauti yake ya pili, bila hata kujua kwamba anavuma. Fundi alikuwa anazunguka chumbani, kutoka kwenye kabati hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi kwenye kabati. Akasimama. Akafungua mdomo, na sauti ya tatu ikatoka yote, safi, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama haijawahi kumsumbua.

Mkewe akanyamaza ili kumsikiliza. Papo hapo fundi akateleza.

"Mbona umehama?" mkewe akauliza.

"Mbona umenyamaza?"

Mkewe akaifuta mikono polepole. Alimtazama mumewe jinsi anavyotazama shati lenye doa lililofichwa kwenye mkunjo. "Baba watoto, rudia. Peke yako."

"Koo linaniwasha."

"Rudia."

Akarudia. Mstari wa tatu, barabarani.

Mkewe akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akacheka mpaka akashika ubavu. "Miaka ishirini na miwili. Watu wananiambia mumeo ana sauti, nami naitikia. Kumbe mume wangu ni mbeleko, hasimami mpaka apate mgongo."

"Cheka tu. Kesho watacheka arobaini."

Hapo mkewe akaacha kucheka. "Kamwambie Mwalimu."

"Nimwambie nini? Kwamba sijui? Ataifuta ya tatu kesho hiyo hiyo, hata watoto hawajafika."

"Basi nitakaa karibu nikuvumie."

"Amesema kila sauti peke yake."

"Mwalimu masikio yake ya zamani," mkewe akasema. "Nitavuma kidogo tu, kama mbu."

Fundi akaendelea kuzunguka, kabati mlango, mlango kabati, mpaka mkewe akamwambia akae chini, anachakaza sakafu.

Jumamosi ukumbi ulikuwa na harufu ya vumbi lililomwagiwa maji. Mama mfagiaji alikuwa ndiyo kwanza anatoa fagio lake nje. Watoto arobaini waliketi kwenye mabenchi marefu, na kama umewahi kuwaketisha watoto arobaini kwenye mabenchi marefu, huna haja ya kuambiwa. Mmoja anasukuma, wa mwisho anaanguka.

Nesi alikuwa wa kwanza. Alisimama na sare yake nyeupe kwa sababu alitoka zamu, akawaambia sauti ya kwanza ni ya juu kuliko zote, ya wanawake na ya watoto, na ndiyo inayobeba wimbo. Akaimba. Watoto wakaimba naye bila kuombwa. Pipa, mchukuzi wa sokoni, mtu mnene mwenye kifua kama kabati, aliomba aruhusiwe mapema kwa sababu mizigo inamsubiri. Akasema neno moja, "Besi," halafu akashuka chini kabisa, na benchi la mbele likatetemeka. Watoto wakapiga kelele za furaha, wakataka arudie. Akarudia mara tatu, akasahau mizigo, akakaa chini kusikiliza wengine. Kisha mke wa fundi akaeleza sauti ya pili, ya wanawake wasiopanda sana. Akaimba taratibu, kama anayenyoosha kola, watoto wakatulia.

Fundi alikuwa wa mwisho. Muda wote huo alikuwa anavuka mguu, anaushusha, anavuka mwingine. Alipoitwa, alisimama na mfuko wake wa kazi.

"Kitendawili," akasema.

"Tega!"

"Nikiwapo hamnioni. Nikiondoka mnanitafuta wote."

"Chumvi!" akasema mmoja.

"Hewa!"

"Baba!" akasema mtoto mwingine, watu wazima wakatazamana.

"Yote nimeyakubali," fundi akasema, "ila mimi langu ni jingine. Nipeni mji."

Wakampa mji, tena mkubwa, wenye bustani na maduka ya baiskeli. Akaupokea, akatoa mfukoni kiatu kikuukuu cha ngozi.

"Huu ni uzi. Tazameni. Ngozi ya juu ndiyo inayong'aa, mtu akikusifia kiatu anaisifia hiyo. Hiyo ni sauti ya kwanza. Ndani kuna bitana, laini, inagusa mguu, hiyo ni ya pili. Chini soli, imebeba mwili mzima, hiyo ni ya Pipa. Sasa nani anauona uzi?" Watoto walikuwa wamesogea. "Hakuna anayesema, loo, una uzi mzuri. Lakini uzi huu ukikatika, kiatu kinafungua mdomo kama mamba. Sauti ya tatu ni huu uzi. Wengine wanaiita teno."

"Ni ya nani?" akauliza mvulana mmoja ambaye kamba za viatu vyake zilikuwa zinaburuzika.

"Ni ya wanaume, lakini si wale wa chini. Ni mwanaume anayepanda. Wapo na wanawake wachache wanaoifikia, wenye sauti nzito kidogo. Njoo ushike hapa."

Akamshikisha yule mvulana ncha ya uzi mwembamba, mwenyewe akavuta upande wa pili, akaudonoa kwa kidole. Ukalia kwa sauti nyembamba. Akachukua uzi mnene wa kushonea buti, akaulegeza kidogo, akaudonoa. Ukanguruma. "Kooni mwako mna nyuzi mbili ndogo. Ukiwa mtoto ni fupi, nyembamba, ndiyo maana wote hapa, wavulana kwa wasichana, sauti zenu zinakwenda juu. Halafu siku moja mvulana anaanza kurefuka, koo linakua, nyuzi zinakua. Sauti inakuwa kama mlango mbovu, mara inalia, mara inanguruma. Usiogope siku hiyo. Ikitulia, wengine watajikuta kwa Pipa. Wengine watajikuta na uzi kama huu." Akachukua uzi wa tatu, wa kadiri, akauvuta mpaka mvulana akajikaza miguu. Akaudonoa. Ulilia kwa sauti iliyojaa, ya juu lakini yenye mwili. "Si mwembamba. Umevutwa tu vizuri."

"Mimi nitakuwa upi?"

"Hakuna ajuaye. Hata mimi nilidhani nitakuwa Pipa."

Wakacheka. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mno, na hilo ndilo lililomtia fundi wasiwasi zaidi. Mwalimu akagusa kinanda chake, akampa sauti ya kuanzia. "Haya, fundi. Waisikie sasa. Peke yake."

Fundi akaweka kiatu chini. *Kumekucha,* akaimba. Mstari wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Akaona mstari wa tatu unakuja kama mtu anavyoona jiwe akiwa ameshainua mguu. Na mguu ukaligonga. Akawa barabara kuu.

"Hiyo ni ya kwanza," ikasema sauti ya mtoto.

Ilikuwa ni ya binti wa mfagiaji wa ukumbi, msichana wa miaka kumi au kumi na moja, mwembamba, waliyemwita Sindano. Hakuisema kwa ubaya. Aliisema kama mtu anavyokwambia kifungo chako kimefunguka.

Watoto wakaangua kicheko. Mwalimu akaondoa vidole kwenye kinanda. "Fundi, anza upya."

Akaanza upya, na mara hii, kutoka kwenye mabenchi ya nyuma, akasikia kitu kama mbu. Mkewe alikuwa ameinamisha kichwa anavuma sauti ya pili, midomo imefungwa. Ile sauti ya tatu ikasimama ndani ya fundi kama mtu aliyepewa mkono. Akafika mstari wa tatu, akaupita.

"Mama yule pale anamsaidia," akasema Sindano.

Mke wa fundi akatazama juu darini, kama mtu asiyehusika kabisa. Mwalimu akamgeukia fundi, na macho yake yalikuwa tayari yanaandika nyimbo upya.

Fundi angeweza kusema koo linauma. Maneno yale yalikuwa mdomoni, yamekaa tayari. Lakini yule mtoto alikuwa anamtazama, anasubiri, na masikio kama yale huwezi kuyauzia koo linalouma.

"Ni kweli," akasema. "Mimi peke yangu siiwezi. Tangu nizaliwe sijaiimba peke yangu. Nilikuwa naegemea mtu, mtu akahama. Sasa naegemea mke wangu."

Posta, aliyekuwa amekuja na Kinyozi kutazama, akakohoa nyuma. Kinyozi akatafuta kitu chini ya benchi.

"Kwa hiyo hujui," akasema yule mvulana wa kamba.

"Najua. Ila najua nikiwa na watu." Fundi akakuna kichwa. Alikuwa hana tena cha kuficha, na mtu wa namna hiyo miguu humwasha. Akaanza kutembea mbele ya mabenchi. "Ngojeni. Tucheze. Nyinyi wote imbeni ya kwanza, kwa nguvu zenu zote. Mimi nitaimba ya tatu. Mkifaulu kunisukuma nikahamia kwenu, mmeshinda."

"Fundi, nilisema kila sauti peke yake," Mwalimu akasema.

"Ulisema, Mwalimu. Na umeona kilichotokea."

Watoto hawakungoja ruhusa. Wakaimba kama watu wanaosukuma gari lililokwama. Fundi aliziba sikio moja, akashika mstari wa kwanza, wa pili, na kwenye ule wa tatu wakambeba mzima mzima. Kelele za ushindi zilifika barabarani, mwenye baiskeli akasimama kuchungulia dirishani.

"Mara ya pili," fundi akasema, anahema. "Mama watoto, njoo na ya pili yako, safari hii kwa sauti. Pipa, mizigo yako imeshaoza, shuka chini."

Wakaanza. Watoto juu, mkewe chini yao, Pipa chini kabisa kama lori linalowaka. Na katikati palikuwa na nafasi, fundi akaisikia wazi kama kiti kilichoachwa mezani. Akaingia. Mstari wa tatu ukafika. Watoto wakasukuma, wengine wamesimama juu ya mabenchi, mishipa ya shingo imewatoka, lakini fundi hakuhama. Katikati ya mstari wa nne akafunga mdomo ghafla.

Wimbo uliendelea, lakini watoto kadhaa waligeuka kutazama nyuma, kama mtu aliyehisi mlango umefunguliwa. Mvulana wa kamba akaacha kuimba. "Rudi," akasema.

Fundi akarudi. Akatoka tena. "Rudi!" wakasema sita, saba. Akarudi, na wakamaliza wote pamoja, isipokuwa Pipa aliyechelewa kusimama.

Mwalimu akafunga kinanda, akafungua daftari. "Haya. Kila mmoja akae anakotaka. Msisukumane."

Wakasukumana. Kwa Nesi walienda kumi na wanane. Kwa Pipa walienda kumi na wawili, wakiwemo wasichana watano ambao hawatanguruma maishani mwao, lakini nani angewaambia siku ile. Kwa mke wa fundi walienda saba. Kwenye benchi la sauti ya tatu walikaa Posta na Kinyozi, kila mmoja kwenye ncha yake, katikati ubao mtupu. Fundi alisimama nyuma yake, anazungusha uzi kidoleni mpaka kidole kikabadilika rangi.

Waliobaki wamesimama walikuwa watatu. Mvulana wa kamba alimtazama Pipa, akamtazama fundi, akamtazama Pipa. Kisha akaja, akaketi, akanyoosha miguu. "Nataka nijue kama mimi watanisukuma," akasema. Mwenzake akamfuata kwa sababu walikuja pamoja. Wa tatu alikuwa Sindano.

"Wewe una sauti nzuri ya kwanza," Mwalimu akamwambia. "Nimekusikia."

"Ndiyo, Mwalimu," Sindano akasema, akaketi pale pale.

Mwalimu akahesabu kwa kalamu, ingawa watatu hawahitaji kalamu. Fundi akahesabu pumzi zake. "Watatu si safu," Mwalimu akasema mwishowe. "Lakini pia si patupu. Mwaka huu siandiki chochote upya. Ila, fundi, Jumamosi ya mwisho ya mwezi utasimama hapo ulipo na kuiimba peke yako. Mwanzo mpaka mwisho. Mbu wabaki nyumbani."

"Nimesikia, Mwalimu," mke wa fundi akajibu kwa niaba ya mbu.

Watu wakatawanyika. Pipa alikimbia kuitafuta mizigo yake. Fundi alianza kukusanya nyuzi, akaziweka mfukoni, akazitoa, akazihesabu, akaziweka tena. Zimebaki Jumamosi nne. Alipoinua macho, Sindano alikuwa hajaondoka. Alikuwa amekaa kwenye benchi, anabembeza miguu.

"Mama yako hajamaliza?"

"Bado anafunga madirisha. Mjomba fundi, kwa nini unaangalia chini ukifika mstari wa tatu?"

"Naangalia chini?"

"Ndiyo. Yule mzee aliyehama alikuwa anaangalia mbele."

Fundi akaketi. "Ulimwona wapi wewe?"

"Mama akisubiri mmalize mazoezi ndiyo afagie, mimi huwa nalala kwenye mkeka nyuma ya benchi lenu. Tangu mdogo. Yule mzee alikuwa juu ya kichwa changu." Bila kuambiwa, akafungua mdomo. Ilikuwa sauti ya mtoto, nyembamba, ya juu sana kuliko inavyotakiwa, lakini kichochoro kilikuwa kile kile, kila kona mahali pake. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Peke yake kabisa, huku anabembeza miguu na kutazama mama yake anavyopambana na komeo la dirisha.

Fundi hakupumua mpaka alipomaliza.

"Unaweza kuja kibandani jioni, mama akikuruhusu?" akauliza. "Viatu vyako nitavishona bure."

"Viatu vyangu ni vizima."

"Basi njoo hivyo hivyo."

Sindano akafikiri. "Nitakuja. Lakini usiimbe pamoja na mimi. Mimi naimba, halafu nanyamaza, halafu wewe. Ukiimba na mimi utaniegemea."

"Haya, Mwalimu," fundi akasema.

"Anza sasa. Mama bado ana madirisha mawili."

Fundi akafuta viganja kwenye suruali, akainua uso, akatazama mbele ukutani mahali ambapo rangi ilikuwa imebanduka. Akaimba wa kwanza. Akaimba wa pili. Kwenye wa tatu akahisi barabara kuu inamvuta miguu, akapepesuka, akashika, akapepesuka tena.

"Hapo," akasema Sindano. "Hapo ndipo. Rudi nyuma kidogo."

Akarudi nyuma kidogo.